Klabu Inapokaukiwa: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Fedha za Timu ya Mpira Wakati wa Msukosuko

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu Tanzania Bara ilichezwa na timu 20, mechi 38 kwa kila timu, bila mdhamini mkuu wa ligi. Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Kenya. Kituo cha matangazo cha SuperSport kilikuwa kimekwisha kujiondoa mwaka 2017, na Agosti 2019 SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyokuwa ikidhamini ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ikasitisha udhamini wake kufuatia mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi. Kabla mwaka haujaisha, Sony Sugar ilikuwa imeondolewa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Kisha, Machi 2020, korona ikasimamisha ligi, na klabu ambazo hazikuwa na kosa lolote la kiutawala zikajikuta hazina hata mapato ya mlangoni.

Chanzo cha kila msukosuko kilikuwa tofauti, lakini namna ulivyoziumiza klabu ilikuwa moja: siku ya kulipa ilifika kabla ya fedha kufika. Nimekuwa mweka hazina wa timu ya daraja la chini kwa misimu kadhaa, na nimeona klabu zenye madeni makubwa zikidumu miaka na miaka huku nyingine zenye madeni ya kawaida zikisambaratika katikati ya mzunguko wa pili. Zilizodumu zilikuwa na mtu aliyejua tarehe zake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, yaani mweka hazina, katibu au mjumbe wa kamati ya utendaji ambaye ameshtuka kwamba fedha hazitoshi na hajui aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: hesabu fedha zilizopo

Kazi ya siku ya kwanza ni kuandika kwenye karatasi moja kiasi ambacho klabu inaweza kukitumia kesho asubuhi. Ahadi hazimo, mkataba ambao haujalipwa haumo, na deni ambalo klabu nyingine inadaiwa kwa mchezaji iliyemnunua halimo pia. Zinazoingia kwenye karatasi hiyo ni salio la benki, salio la namba za simu zinazopokea malipo, na fedha taslimu zilizohesabiwa mbele ya mashahidi wawili.

Linasikika kuwa jambo jepesi. Nilipokabidhiwa ofisi, nilipewa mfuko wa rambo uliojaa stakabadhi za mafuta ya Coaster, daftari la kaunta lililochanwa kurasa, na karatasi yenye namba nne za simu zilizokuwa zikipokea michango ya wanachama. Namba moja ilikuwa ya mjumbe aliyejiuzulu tangu msimu uliotangulia, na bado watu walikuwa wakimtumia ada zao kwa uaminifu. Ilituchukua siku tisa kukusanya masalio yote, na jumla yake haikufika nusu ya kile ambacho kikao kiliamini tunacho. Hakuna aliyekuwa ameiba; kila mmoja alikuwa ameshika kidogo cha klabu na alikuwa amekitumia kwa shughuli ya klabu, bila kumwambia mwenzake.

Kwa hiyo, siku hiyo hiyo, funga njia zote za kupokea fedha isipokuwa akaunti moja ya benki na namba moja ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la klabu, na uhakikishe kwamba kila malipo yanayotoka yana saini za watu wawili. Wapo watakaonung'unika kwamba utaratibu huo unachelewesha kazi. Waache wanung'unike.

Hatua ya pili: tengeneza jedwali la wiki 13

Bajeti ya msimu, ile inayopitishwa kwenye mkutano mkuu na kupigiwa makofi, haifai kwa kazi hii, kwa sababu inajumlisha mwaka mzima na kuficha mpangilio wa siku. Chora jedwali lenye safu 13, kila safu ikiwa wiki moja, kuanzia Jumatatu ijayo. Juu andika salio la kuanzia. Chini yake kila shilingi inayotarajiwa kuingia wiki hiyo. Chini yake tena kila shilingi inayopaswa kutoka. Na mwisho salio la kufungia, ambalo ndilo linaloanzia wiki inayofuata. Robo mwaka ni muda wa kutosha kukuonyesha hatari inayokuja, na si mrefu kiasi cha kuyageuza makadirio kuwa ndoto.

Tuchukue klabu ya kufikirika ya daraja la kwanza yenye shilingi milioni 14 benki. Mishahara ya wachezaji 26, kwa wastani wa shilingi 600,000 kila mmoja, ni milioni 15.6, benchi la ufundi na watumishi wengine ni milioni 5.4, jumla ni milioni 21, na hulipwa mwisho wa wiki ya nne. Kambi inakula milioni 1 kwa wiki. Safari moja ya ugenini, yaani mafuta, malazi, chakula na posho, ni milioni 3.5. Mechi moja ya nyumbani inaacha milioni 1.2 baada ya makato, na wanachama wanachangia shilingi 400,000 kwa wiki. Mdhamini ameahidi milioni 60 kwa awamu mbili zilizo sawa, ya kwanza ikiwa wiki ya tisa.

Wiki ya kwanza timu inasafiri, na salio linashuka hadi milioni 9.9. Wiki ya pili inacheza nyumbani, linapanda kidogo hadi milioni 10.5. Wiki ya tatu ni safari tena, linabaki milioni 6.4. Wiki ya nne ni nyumbani, linafika milioni 7, na hapo ndipo mishahara ya milioni 21 inapodaiwa. Pengo ni milioni 14. Mwezi wa pili, kwa mwendo ule ule, unaongeza pengo la milioni 28, kwa hiyo mwisho wa wiki ya nane klabu imepungukiwa milioni 42, na awamu ya mdhamini ya milioni 30 inayoingia wiki ya tisa haitoshi hata kuziba lililokwisha kutokea. Klabu hiyo inaweza kabisa kuwa na bajeti ya mwaka iliyosawazika kwenye karatasi. Jedwali limeonyesha, siku 28 kabla, tarehe ambayo mambo yataharibika, na siku 28 ni muda wa maana sana kwa mtu anayejua autumie kufanya nini.

Katika kujaza mapato, weka alama tatu: ya uhakika, ya pengine, na ya ahadi. Fedha za uhakika ni zile ambazo mlipaji wake amekwisha kulipa kwa wakati walau msimu mmoja, na ziandikwe kwa tarehe zilizofika kweli msimu uliopita, hata kama mkataba unataja tarehe ya mapema zaidi. Fedha za pengine zina mkataba lakini mlipaji wake ana historia ya kuchelewa. Ahadi ni zile zilizotamkwa na mheshimiwa aliyekuja kukagua timu, akashikwa na msisimko, akachukua kipaza sauti. Salio la kufungia lihesabiwe kwa fedha za uhakika peke yake.

Hatua ya tatu: panga wadai kwa uwezo wao wa kuisimamisha timu

Viongozi wengi humlipa kwanza mdai anayepiga simu mara nyingi, au anayekaa mtaa mmoja na mwenyekiti. Panga madeni kwa swali moja: nisipolipa hili, ni nini kitatokea na lini?

Wa kwanza ni wachezaji na makocha. Kwa kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, mchezaji ambaye hajalipwa isivyo halali walau mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu notisi ya kuidai, akaipa siku zisizopungua 15, na zikipita bila kulipwa ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Maana yake ni kwamba malimbikizo ya miezi miwili si deni tu. Ni mlango ambao mshambuliaji wako bora anaweza kutokea bure, kisha akakudai juu yake. Kama mchezaji au kocha ni wa kigeni, shauri linakwenda FIFA. Uamuzi ukishatoka na klabu isipolipa ndani ya siku 45 baada ya kupewa taarifa ya akaunti ya kulipia, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Klabu kubwa na ndogo za ukanda huu zimewahi kuonja adhabu hiyo, na mara nyingi chanzo ni kocha wa kigeni aliyefukuzwa kwa mbwembwe baada ya mechi tatu mbaya, bila mtu kusoma kifungu cha fidia katika mkataba wake. Kwa sababu hiyo, barua yoyote yenye nembo ya FIFA au ya kamati ya hadhi za wachezaji isilale ofisini usiku mmoja bila kujibiwa.

Wa pili ni mamlaka ya kodi na mifuko ya jamii. Kodi ya mshahara iliyokatwa kwa mchezaji haikuwahi kuwa fedha ya klabu. Klabu imeishika tu kwa niaba ya serikali, na kwa Tanzania inapaswa kufika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, kwa Kenya kufika KRA ifikapo tarehe 9. Kishawishi cha kuitumia kulipia safari ni kikubwa kwa sababu mtoza kodi hapigi kelele upesi. Rangers ya Glasgow iliingia chini ya wasimamizi wa ufilisi Februari 2012 kwa kodi ya mishahara na VAT ya takriban pauni milioni 9 ambayo haikulipwa. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilikataa mpango wa kupunguziwa deni, kampuni ikafilisiwa, na timu yenye mataji zaidi ya 50 ya ligi ikaanza msimu wa 2012/13 katika daraja la nne chini ya kampuni mpya. Ukiona huwezi kulipa kodi kwa wakati, nenda mwenyewe ofisini kwao uombe kulipa kwa awamu kabla hawajakufuata.

Waliobaki, yaani hoteli, wenye mabasi, wauza vifaa, mwenye nyumba ya kambi, wengi watasubiri wakiambiwa ukweli wakapewa na tarehe. Ushahidi mzuri ni Borussia Dortmund. Mwanzoni mwa 2005 klabu hiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikiwa imekwisha kuuza hata uwanja wake kwa mfuko wa uwekezaji. Tarehe 14 Machi 2005 wawekezaji wa mfuko huo walikutana uwanja wa ndege wa Düsseldorf na kupiga kura kukubali mpango wa kuahirishiwa malipo ya kodi ya pango. Wachezaji nao walikubali kukatwa asilimia 20 ya mishahara. Walioikubalia klabu muda hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya rangi njano na nyeusi. Walionyeshwa hesabu kwamba kukataa kungewapa kidogo zaidi. Miaka sita baadaye Dortmund ilikuwa bingwa wa Ujerumani.

Hatua ya nne: zungumza na wachezaji kabla ya siku ya mshahara

Hii ndiyo hatua inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Kawaida yetu ni kukaa kimya hadi tarehe 30, kisha kumtuma meneja wa timu kambini aseme kwamba fedha ziko njiani. Mchezaji aliyeambiwa hivyo mara tatu haamini tena hata siku fedha zikiwa kweli njiani.

Itisha kikao wiki mbili kabla. Nenda na jedwali, lionyeshe lote, pamoja na posho za viongozi, kwa sababu swali hilo litaulizwa. Tofautisha waziwazi kati ya kupunguza mshahara, ambako sehemu iliyokatwa haitalipwa kamwe, na kuahirisha, ambako italipwa kwa tarehe iliyotajwa. Wachezaji husikia neno moja na viongozi hukusudia jingine, na kesi nyingi huanzia hapo.

FIFA ilipotoa mwongozo wake wa Aprili 2020 kuhusu korona, ilisisitiza makubaliano kwanza, na pale klabu ilipobadilisha mikataba peke yake iliweka mambo ya kuangaliwa: kama klabu ilijaribu kweli kuafikiana na wachezaji, hali ya uchumi ya klabu ikoje, kama punguzo linalingana na tatizo, mchezaji anabaki na kipato gani mkononi baada ya punguzo, na kama hatua imewagusa wote au wachache waliolengwa. Mwongozo huo ulitolewa kwa ajili ya janga lile, lakini sijaona kipimo bora cha kujipima kabla ya kuingia kikaoni. Kile cha nne ndicho kinachosahaulika. Kukata asilimia 30 kwa wote kunaonekana kuwa haki, mpaka ukumbuke kwamba kipa wa tatu analipwa 250,000. Weka kiwango ambacho chini yake hakuna anayeguswa, na anza kukata kwa walio juu, viongozi wanaolipwa wakiwa wa kwanza.

Katika kikao chetu cha kwanza cha aina hii nilieleza jedwali kwa dakika arobaini, nikajiona nimeeleweka. Nahodha akanyoosha mkono. "Kiongozi, nimekuelewa vizuri. Sasa huyu mwenye nyumba wangu, naye nimpelekee jedwali?" Watu walicheka, lakini alikuwa ameuliza jambo la msingi, na tulibadilisha mpango pale pale: kila mchezaji alilipwa kwanza kiasi cha kumtosha kodi ya nyumba na chakula kwa tarehe ile ile ya zamani, na kilichobaki ndicho kilichoahirishwa. Gharama kwa klabu ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba hakuna aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, na hakuna aliyeandika notisi.

Makubaliano yaandikwe kama nyongeza ya mkataba wa kila mchezaji, kwa jina lake, kwa kiasi chake na kwa tarehe zake, na yatiwe saini na pande zote mbili. Karatasi moja iliyosainiwa na nahodha kwa niaba ya wenzake ni karatasi tu. Ongeza pia kifungu kinachosema kwamba klabu ikipata fedha kubwa ambazo hazikutarajiwa, mathalani kwa kuuza mchezaji, malimbikizo yatalipwa kwanza kabla ya usajili mpya. Kifungu hicho ndicho kilichowafanya wachezaji wetu wasaini.

Hatua ya tano: ziba mlango wa uwanja

Klabu huenda ikatembeza bakuli mjini kote huku fedha zake zikivuja mita hamsini kutoka benchi la ufundi. Mfumo wa tiketi za kielektroniki umepunguza uvujaji katika viwanja vikubwa, lakini viwanja vingi vya madaraja ya chini bado vinatumia vitabu vya tiketi na mikono ya watu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kabla ya mechi, andika namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu, na aliyekichukua asaini. Anayeuza tiketi asiwe yule anayezichana mlangoni. Kipande kinachochanwa kiingie kwenye sanduku lililofungwa, lisifunguliwe hadi mapumziko yaishe. Baada ya mechi, namba tatu zilinganishwe mezani: tiketi zilizotoka kwenye vitabu, vipande vilivyomo sandukuni, na fedha zilizopo.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, kiingilio kilikuwa shilingi 2,000. Vitabu vilionyesha tiketi 612 zimeuzwa, nazo fedha zilikuwa kamili, 1,224,000. Sandukuni mlikuwa na vipande 741. Tulihesabu mara mbili tukidhani tumekosea, kwa sababu tulikuwa tumejiandaa kukuta upungufu upande wa fedha. Vipande 129 vya ziada vilikuwa na rangi ile ile lakini wino wake ulififia kidogo ukivisugua kwa kidole: mtu alikuwa amechapisha kitabu chake. Shilingi 258,000 kwa mechi moja, na kwa mechi 15 za nyumbani ni karibu milioni 3.9, zaidi ya gharama ya safari moja ya ugenini. Tangu siku hiyo tunabadili rangi ya tiketi kila mechi na kupiga mhuri asubuhi ya siku yenyewe.

Hatua ya sita: dai fedha ambazo klabu imezisahau

Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa miaka 12 na ule wa miaka 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una thamani ya asilimia 0.5. Klabu iliyokaa na kijana kwa misimu miwili, ya miaka 16 na 17, inastahili asilimia 1. Akija kuuzwa Ulaya kwa dola milioni 3, hizo ni dola 30,000, fedha zinazoweza kulipa mishahara ya miezi kadhaa ya klabu tuliyoitolea mfano. Na mgao huo haulipwi mara moja: unarudi kila anapouzwa tena nje kwa ada. Mbali na huo ipo fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na pia anapohama kimataifa kabla ya mwisho wa msimu anaotimiza miaka 23.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, na anayelipwa hutambuliwa kwa kumbukumbu za usajili za mchezaji. Hapo ndipo tunapopoteza. Kijana aliyecheza kwetu miaka mitatu bila kusajiliwa rasmi kwenye mfumo wa shirikisho hana historia kwetu, hata kama mtaa mzima unamkumbuka. Tumia wiki moja ya msukosuko kupekua leseni na fomu zote za zamani, andika majina ya waliopita na wanakocheza sasa, na uombe shirikisho lisahihishe kumbukumbu pale zilipokosewa. Tarehe ya kuzaliwa iliyopunguzwa miaka miwili ili kijana acheze mashindano ya vijana nayo huvuruga hesabu hii, pamoja na kuwa ni udanganyifu.

Hatua ya saba: wekeni mdhamini na mfadhili kwenye maandishi

Mkataba wa udhamini uulizwe maswali manne: awamu ya kwanza inalipwa lini, mdhamini akitaka kujitoa atoe notisi ya muda gani, ligi ikisimama malipo yanakuwaje, na ni mapato gani ya klabu yanayotegemea kampuni hiyo hiyo kwa mlango mwingine. La mwisho ndilo lililoziumiza klabu za Kenya mwaka 2019, kwani mdhamini wa ligi na mdhamini wa jezi za vigogo wawili alikuwa mmoja, akiwa katika biashara moja iliyotegemea leseni moja.

Mfadhili, yule tajiri anayelipa usajili kutoka mfukoni mwake, ni jambo gumu zaidi kwa sababu heshima huzuia maswali. Ulizeni hata hivyo, kwa adabu, na kwa maandishi: fedha hizi ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa? Nimeshuhudia tajiri aliyekuwa akiitwa baba wa klabu akiondoka kwa hasira baada ya uchaguzi, na wiki iliyofuata ikaletwa orodha ya fedha zote alizotoa tangu mwanzo, zikiitwa mkopo. Hapakuwa na karatasi hata moja ya kumkubalia wala kumkatalia. Na tajiri anayekuja kununua klabu aonyeshe fedha kwanza. Bury ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, iliuzwa kwa pauni 1 Desemba 2018, ikapanda daraja Aprili 2019, na tarehe 27 Agosti mwaka huo ikafukuzwa kwenye ligi kwa kukosa kuthibitisha kwamba ina fedha za kuendesha msimu.

Kuhusu mikopo sitakaa sana. Kopa kwa ajili ya fedha ambazo tarehe yake inajulikana na mlipaji wake ni wa uhakika, kama awamu ya haki za matangazo iliyokwisha kuidhinishwa, na mkopo uishe fedha hizo zinapofika. Usikope kwa kuweka rehani viingilio vya misimu ijayo. Leeds United ilikopa pauni milioni 60 kwa kutegemea mapato ya mlangoni ya baadaye, ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2001, ikashuka daraja mwaka 2004, na mwaka 2007 ikaangukia daraja la tatu.

Hatua ya nane: kata, lakini jua unapokata

Kambi ya kudumu ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Wachezaji wanaoishi mji ule ule wanaweza kulala kwao na kukutana kambini siku mbili kabla ya mechi. Ya pili ni safari: timu ya Dar es Salaam inayokwenda Bukoba ina zaidi ya kilomita 1,300 za barabara kwa kwenda tu, kwa hiyo iandikieni bodi ya ligi mapema mkiomba mechi za kanda moja zifuatane, mmalize mbili kwa nauli ya moja. Maombi ya namna hiyo hayakubaliwi kila mara, lakini yaliyoandikwa kabla ratiba haijatoka yana nafasi kubwa kuliko malalamiko ya baadaye.

Usikate timu ya vijana, kwa sababu zilizoelezwa kwenye hatua ya sita. Usikate daktari. Na usimkate karani anayetunza kumbukumbu za usajili, ingawa mshahara wake utaonekana mezani kuwa wa kwanza usio na kazi.

Hatua ya tisa: rudi kwenye jedwali kila Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, andika kilichoingia na kilichotoka kweli wiki iliyopita kando ya kile ulichokadiria. Pale tofauti ilipozidi asilimia 10, andika sababu kwa sentensi moja. Futa wiki iliyopita, ongeza wiki mpya mwishoni ili jedwali libaki na safu 13, na upeleke nakala kwa mwenyekiti, katibu na nahodha. Mara moja kwa mwezi bandika muhtasari wake ofisini mahali ambapo mwanachama aliyekuja kulipa ada anaweza kuusoma akiwa amesimama kwenye foleni. Wetu ulibandikwa pembeni ya dirisha la kupokelea ada, na mwezi wa pili mzee mmoja aliusoma hadi mwisho, akanionyesha kosa la kujumlisha la shilingi 40,000, kisha akalipa ada ya mwaka mzima.